Mume Wangu Alikiri Tukiwa Juu ya Gurudumu la Mor Park

Mume wangu aliniambia ukweli tukiwa hewani.

Sio kwa ndege. Tulikuwa juu kabisa ya lile gurudumu kubwa la Mor Park, Homa Bay. Stima imepotea, upepo wa ziwa unatupiga, na chuma kimetufunga mapajani kama ng'ombe kwenye josho.

Tuliposhuka akaniambia sikusikia vizuri.

Nilisikia. Na ndio maana leo naandika.

Naitwa Bhoke. Mimi ni Mkuria wa upande wa Kehancha, fundi wa nguo, mama wa watoto wawili. Niko thelathini na kitu. Mambo mengine nitaficha kidogo kwa sababu ya watoto, lakini stori yenyewe sifichi.

Kama uko Migori ama Homa Bay na uko na simu, Mor Park unaijua. Mor ni furaha kwa Kijaluo. Walipoifungua pale kando ya ziwa kila mtu alienda kupiga picha. Walimu walienda, madaktari walienda, hata watu wa boda wa Kehancha walikuwa nayo kwa status. Ukifungua simu asubuhi unakutana na mtu mzima amekalia farasi wa plastiki, meno yote nje.

Mimi nilikuwa naangalia tu.

Utotoni kwetu hakukuwa na kitu kama hicho. Bembea niliyojua ilikuwa kamba ya katani kwa mti, na aliyeifunga ni Ryoba, kaka yangu mkubwa. Ananisukuma mpaka nalia, halafu ananiuliza kama nimetosheka.

Ryoba ndiye alinilipia kozi ya ushonaji. Aliacha shule akaendesha pikipiki ndio mimi nifike mahali.

Asubuhi moja aligongwa na gari akiwa kazini. Gari halikusimama. Wamama waliokuwa wakienda sokoni ndio walimkuta kwa mtaro, baridi tayari. Hakuna aliyejua ni gari la nani.

Tulizika. Maisha yakaendelea, vile husemwa.

Mwaka uliofuata nikampata Gisiri.

Alikuja duka nililokuwa nashonea na suruali iliyofumuka. Nikashona. Wiki iliyofuata akaja na ingine. Ya tatu nikaangalia mshono vizuri, nikaona hiyo haikufumuka, imekatwa na wembe.

Nikamuuliza, "Wewe unakata nguo zako mwenyewe?"

Akaangalia chini. "Sasa nitakuja hapa na sababu gani?"

Nilicheka wiki nzima.

Alikuwa mpole, Msabato wa kweli, hanywi, hapigi kelele. Alikuwa ameacha udereva, akafungua duka la dawa za mifugo. Wazee walikuja, ng'ombe zikaja, nikaolewa.

Mtoto wa kwanza alipozaliwa mvulana, Gisiri ndiye alisema aitwe Ryoba. Kabla hata mimi sijafungua mdomo.

Nililia kwa furaha. Nikawaambia wanawake wenzangu, nyinyi mko na mabwana, mimi niko na mtu.

Tangu siku hiyo nikawa namwita Baba Ryoba, na yeye ananiita Mama Ryoba. Kila siku. Miaka yote.

Hiyo weka hapo pembeni kwanza.

Sasa mwaka jana kanisa letu likapanga safari ya wanandoa. Pasta alisema ndoa zetu zimekauka kama mahindi ya Januari, twende mahali tucheke. Tukapiga kura. Mor Park ikashinda vibaya sana.

Gisiri hakutaka. Akasema dukani kuna kazi.

"Kazi gani Jumapili moja?" nikamuuliza.

"Mimi sipendi vitu vya juu, Mama Ryoba. Unajua."

"Utakaa chini unishikie mkoba."

Akakubali. Mimi nikashona rinda jipya la kitenge na suruali ndefu ya ndani, kwa sababu mke wa pasta alikuwa ametuonya kuhusu upepo.

Kusema ukweli, nilikuwa kama mtoto.

Tulifika saa nne hivi. Ukiingia lango unasikia ohangla, ule muziki wa Kijaluo, imefunguliwa juu kabisa, unasikia harufu ya samaki wa kukaangwa, halafu unaona kile kitu kimesimama mbele ya ziwa. Kwa simu kinaonekana kidogo. Ukiwa chini yake shingo inauma.

Nilipanda farasi wa plastiki. Nilipanda mashua ile ya kubembea, nikapiga nduru mpaka sauti ikaisha. Nilikula ile sukari inafanana na pamba, ikanishika kwa pua. Risper, jirani yangu, Mjaluo wa Sindo aliyeolewa kwetu, alikuwa ananishika mkono ananivuta kila mahali.

"Nyamin, dada yangu, leo hatuzeeki," akaniambia.

Gisiri alikuwa nyuma na mikoba ya wanawake kama wanne hivi. Watu wakamcheka. Akatabasamu ile tabasamu yake.

Niliangalia nikasema, Mungu, asante.

Saa nane tukafika kwa gurudumu. Viti ni vya watu wawili wawili. Pasta akasema kila mtu na wake, hakuna kukwepa. Gisiri akaanza kurudi nyuma. Wazee wa kanisa wakamshika, wakamsukuma kama mbuzi wa mnada.

"Shemasi mzima anaogopa bembea?"

Akaingia. Mama aliyekuwa akiendesha ile mashine, walikuwa wanamwita Caren, akashusha chuma mbele yetu. Akakipiga kofi kuhakikisha.

"Mkae hivyo hivyo. Msitingishe kiti," akasema.

Tukapanda.

Wacha niseme ukweli, nilipenda. Ziwa lote liko chini yako. Unaona magugu yameshikana kijani, unaona mashua zimekuwa ndogo kama mbegu, unaona mlima wa Homa umekaa kule peke yake. Nikamgeukia mume wangu nimwambie aangalie.

Macho yake yalikuwa yamefungwa. Jasho linatoka kwa masikio.

Tulizunguka mara ya kwanza. Ya pili, tukafika juu kabisa, likasimama.

Muziki ukakatika pia. Ndio nikajua stima imeenda.

Caren akapaza sauti kutoka chini, mikono mdomoni. "Wateja, tulieni. Tunawasha jenereta."

Tukatulia. Jenereta haikuwaka.

Halafu upepo ukaja.

Kama unajua ziwa letu, unajua mchana linaweza kubadilika ukiangalia tu. Kule upande wa Rusinga kukawa kweusi. Kiti kikaanza kubembea chenyewe. Chuma kikalia mahali fulani nyuma yetu, sauti kama mlango wa zamani. Mwanamke wa kiti cha chini akaanza kupiga nduru, na hii haikuwa ya raha.

Gisiri akaanza kuomba. Alianza na Kiswahili, cha kanisani. Baadaye akaingia Kikuria.

Mtu akianza kuomba kwa lugha ya mama yake, ujue kumeumana.

Nikamshika mkono. "Baba Ryoba, watatushusha. Tulia."

Kiti kikainama upande wake. Akashika chuma na mikono yote miwili, akasema, "Bhoke."

Hajawahi kuniita hivyo tangu tupate mtoto.

"Bhoke, mimi siwezi kufa na hii kitu. Ni mimi nilimgonga Ryoba."

Najua mtu akisoma hapa anafikiri nilipiga nduru. Sikupiga. Mimi nilifikiria mtoto wetu. Nikafikiria, amemgonga na nini? Lini? Mtoto ameachwa kwa shangazi yake akiwa mzima.

"Ryoba gani?"

"Kaka yako."

Upepo ulikuwa mwingi. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Akasema alikuwa na pikapu ya kaka yake, imebeba tumbaku. Hakuwa amelala usiku wote. Barabarani asubuhi macho yakafunga kidogo tu, akasikia kishindo.

"Ulisimama?"

"Nilisimama."

"Alikuwa amekufa?"

Akainamisha paji la uso kwenye chuma.

"Gisiri. Alikuwa amekufa?"

"Hapana."

Sasa nisikilizeni. Nilitaka kuondoka. Mwili wote ulitaka kuondoka. Nikavuta mguu wangu mbali na wake na kiti kikainama, nikarudishwa kwake. Ukisonga unarudi. Chuma ni kimoja, kimetufunga sote wawili, mimi na mtu aliyemuua kaka yangu.

Nikauliza tena, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. "Aliongea?"

"Kidogo."

"Alisema nini?"

Gisiri alikuwa analia na pua yake imejaa. "Aliniuliza kama pikipiki imeharibika."

Huyo alikuwa Ryoba kabisa. Hata hapo nilimjua. Pikipiki ilikuwa ya mkopo.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia haijaharibika. Halafu nikaingia kwa gari."

Niliangalia ziwa. Sijui ni dakika ngapi.

Jenereta ikawaka. Ohangla ikarudi palepale ilipokuwa imekatika, na sisi tukaanza kushuka polepole kama watu wanaopelekwa harusini.

Chini walikuwa wakipiga makofi. Wengine walikuwa na machozi ya kucheka. Pasta akawa na simu tayari.

"Mama Ryoba, cheka kidogo. Shemasi, mshike mkeo."

Akanishika bega. Picha ikapigwa. Ile picha bado iko kwa grupu ya kanisa, na mtu ameandika chini yake, "Wapendanao."

Nilienda nyuma ya choo nikatapika ile pamba yote.

Nilipogeuka alikuwa amesimama hapo na mikoba. Amepangusa uso. Amekuwa shemasi tena.

"Mama Ryoba," akasema kwa sauti ya chini, "yale ya juu tuyaache juu. Ilikuwa hofu. Mtu akiogopa anaongea vitu."

"Vitu gani?"

"Hukusikia vizuri. Kulikuwa na upepo."

Kwa basi nilikaa na Risper. Aliniangalia muda mrefu, hakuniuliza mengi. Aliuliza moja tu.

"Amekupiga?"

"Afadhali angenipiga," nikamwambia.

Akanipa leso yake, akageukia dirisha, akaniacha nilie mpaka Rongo.

Usiku huo nililala na watoto. Asubuhi nikawapeleka shule, nikapanda boda kwenda nyumbani kwetu.

Njiani nilikuwa napanga vile nitasema. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naogopa kwa ajili ya Gisiri. Sitadanganya. Niliona Tata akichukua panga. Niliona watu wa rika la Ryoba wakizingira duka. Nilijiuliza kama niende kwanza kwa chifu ndio damu isimwagike tena.

Tata ni baba yangu. Nilimkuta amekaa nje anachambua majani ya tumbaku, makubwa huku, madogo huku. Mama alikuwa anapepeta maharagwe hatua chache kutoka hapo.

Nikapiga magoti kama inavyotakiwa, nikamsalimia. Halafu nikashindwa kusimama.

"Tata, nimejua aliyemuua Ryoba."

Mikono yake ikasimama.

"Ni Gisiri."

Nikangoja panga.

Tata hakuniangalia. Akachukua jani lingine, akalinyoosha kwa goti. Akauliza, "Nani amekuambia?"

Hakuuliza "unasema nini." Hakuuliza "una uhakika." Nani amekuambia.

Nilisikia ungo wa Mama ukianguka na maharagwe yakitawanyika.

Ndugu zangu, kuna maumivu ya kujua mume wako ni nani. Hayo nilikuwa nimeyapata jana yake. Hayafiki popote kwa haya.

"Ulikuwa unajua?"

"Kaa chini, Bhoke."

"Niko chini, Tata."

Akaeleza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza bei ya mbolea. Kaka mkubwa wa Gisiri, anaitwa Gichana, aliona pikapu imevunjika taa ikiwa na damu. Akamlazimisha Gisiri aseme. Wazee wao wakaja kwa wazee wetu kimyakimya, wakakaa mara kadhaa. Polisi wangemfunga Gisiri na sisi tusipate kitu. Vijana wangelipiza na vita vingeanza. Wazee wakasema mtu amepotea, ng'ombe zitoke.

"Sasa ng'ombe za damu zikiingia bomani mchana, kila mtu anauliza ni za nini," Tata akasema. "Siri inatoka. Ndio wakasema kuna njia ya kuzileta bila mtu kuuliza."

Nikaanza kuelewa kabla hajamaliza. Nilitaka asimalize.

"Wewe ulikuwa umefika umri."

Mahari yangu ilikuwa kubwa. Hakuna msichana wa rika langu aliyetolewa ng'ombe kama mimi. Siku ng'ombe zilipoingia watu walisimama barabarani kuangalia. Wanawake walinipigia vigelegele, wakasema huyu Bhoke ana nini ambacho sisi hatuna?

Nilikuwa na kaka aliyekufa. Hicho ndicho nilikuwa nacho.

"Na zile suruali?" nikauliza.

Tata hakujua naongea kuhusu nini. Hakuwahi kusikia habari ya suruali. Lakini mimi nilijua. Gisiri alikuwa ametumwa. Kila kitu kilikuwa kimekubaliwa kabla hajanunua huo wembe.

"Mlipata nini?" nikamuuliza Tata. "Niambie tu mlipata nini."

Akaonyesha nyumba nyuma yake kwa kidevu. Mabati mekundu, madirisha ya vioo. Nyumba ambayo mimi mwenyewe nilikuwa najivunia, nikileta wageni nasema ni jasho la Tata.

"Ryoba hangerudi," akasema. "Ungetaka nibaki na kaburi tu?"

Mama alikuwa chini anaokota maharagwe moja moja. Nikamgeukia. "Mama, na wewe?"

Hakuinua kichwa. "Waliniambia wewe ukiwa umeshaolewa. Ulikuwa na mimba." Akaokota mengine, akayatia kwa ungo. "Nilizaa wawili tu. Mmoja akagongwa, mwingine akapewa aliyemgonga. Ningesema kwa nani?"

Tata akamwambia anyamaze. Akanyamaza.

Mimi nikaondoka bila kuaga, kitu ambacho kwetu mtoto wa kike hafanyi.

Nilienda moja kwa moja dukani kwa Gisiri. Kulikuwa na mzee anataka dawa ya kupe. Nikangoja mpaka akahudumiwa, mpaka akahesabiwa chenji yake. Nikafunga mlango nusu.

"Nimetoka kwa Tata."

Akakaa kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe. Hakujaribu tena maneno ya upepo.

"Ulinioa kwa nini, Gisiri?"

"Walisema nikikuoa itaisha."

"Iliisha?"

Akatingisha kichwa kwamba hapana.

"Na mtoto ulimpa jina la Ryoba kwa nini?"

"Nilitaka nimlishe," akasema. "Nilitaka nimsomeshe. Kila siku nikirudi nyumbani nimwone anakula."

Mnaona vile mambo ni magumu? Hapo nilikaribia kumhurumia. Alikuwa anasema ukweli, na uso wake ulikuwa umeisha kabisa. Na huyu ndiye mtu aliyeniuguza malaria, aliyenipakulia uji, aliyekaa na mimi hospitalini uzazi wa pili usiku kucha.

Lakini nikakumbuka kitu. Miaka yote hiyo nimemwita Baba Ryoba mara ngapi? Ananiitikia. Hata mara moja hakuniambia niache.

"Twende polisi ukaseme," nikamwambia. "Ukienda mwenyewe, mimi nitabaki mke wako. Nitakuletea chakula. Nitalea watoto wako nikikungoja. Naapa mbele ya Mungu."

Na ningefanya. Sijui kama mtu ataniamini, lakini ningefanya.

Alifikiria. Nilimwona anafikiria kwa kweli.

Halafu akasema, "Na duka nani ataangalia?"

Hapo ndoa yangu iliisha. Sio kule juu. Ni hapo, kwa neno duka.

Nilienda polisi peke yangu. Afisa alinisikiliza vizuri, siwezi kumlaumu. Akaandika. Akauliza shahidi ni nani. Nikasema baba yangu. Wakamwita Tata, akafika amevaa koti, akasema binti yake ana msongo wa mawazo tangu aende safari. Gichana akasema pikapu iliuzwa Tanzania zamani. Gisiri akasema hajui chochote.

"Mama," afisa akaniambia, "mtu akiwa kwa hiyo bembea anaweza kusema chochote. Tuletee kitu kingine."

Sina kitu kingine. Kesi iko hapo inakaa.

Pasta akaja nyumbani na mke wake. Akanisomea neno, akaniambia nisamehe, kusamehe ni kujiponya.

Nikamuuliza, "Pasta, Gisiri amekiri kwako?"

"Hapana. Amesema hakuna kitu."

"Sasa unataka nisamehe nini?"

Alikunywa chai yake. Wakaomba, wakaenda. Mpaka leo Gisiri ni shemasi, na ndiye anapitisha sahani ya sadaka.

Nilichukua watoto, cherehani na nguo, nikaenda Migori mjini. Risper ndiye alinitafutia chumba kwa ndugu yake. Nikaanza kushona uniform za shule. Kazi ipo, sitakufa njaa.

Wazee wa kwetu walinitumia ujumbe kwamba mwanamke haachi mume hivi hivi. Nikitaka kuachana kwa sheria ya kwetu, Tata arudishe mahari. Tata hawezi kurudisha. Ilishakuwa mabati. Kwa hiyo kimila mimi bado ni mke wa Gisiri, na nikifa leo ni yeye anayestahili kunizika.

Soma hiyo tena polepole.

Nilifikiri nimebaki peke yangu. Na watu wetu, mtu akitoka hivi, hawamfuati.

Siku moja nikiwa nashona, mchana tu, jua kali, nikaona mtu amesimama mlangoni na mfuko wa nailoni na kuku wawili wamefungwa miguu. Kitambaa cha kichwa kimeteleza. Vumbi mpaka magotini.

Ni Mama.

Mama yangu hajawahi kulala nje ya boma la Tata isipokuwa akienda kujifungua. Migori alikuwa amekuja labda mara mbili maisha yake yote. Sijui aliuliza njia kwa nani. Kiswahili chake ni cha kununua chumvi.

"Umekuja kutembea?" nikamuuliza.

"Nimekuja."

"Mpaka lini?"

Akaangalia chumba, akaona mahali pa kuweka mfuko, akauweka. "Hiki kitanda kinatosha watu wangapi?"

Nikamwambia, Mama, na kaburi la Ryoba? Kwa sababu hilo kaburi alikuwa analifagia kila Ijumaa, hakuna siku aliwahi kuacha.

Akasema, "Kaburi halitembei. Nitalikuta. Wewe ndio ulikuwa unaondoka."

Nililia siku hiyo vile sikulia kule juu ya gurudumu.

Hatukuongea sana kuhusu ile miaka aliyonyamaza. Aliniomba msamaha mara moja, tukichagua mchele. Nikamwambia bado. Nikamwambia siku ikifika nitamwambia. Akasema sawa, akaendelea kuchagua mchele. Mpaka leo siku haijafika, na tunalala kitanda kimoja.

Tata alingoja mwezi. Kisha akatuma mzee mmoja, jirani wa miaka mingi, mtu wa heshima. Alipewa kiti, akapewa soda. Akazunguka zunguka, mvua, mahindi, mpaka akafika.

"Mwenye boma anauliza mama atarudi lini. Nyumba imekuwa baridi. Hata wa kumpikia hakuna."

Mama alikuwa anakata sukumawiki. Hakuacha kukata.

"Mwambie apikiwe na zile ng'ombe," akasema.

Mzee akamaliza soda yake, akaaga.

Mimi si mtu wa kufundisha watu. Lakini nimelipia hii stori, kwa hivyo nina haki ya kusema kitu kimoja.

Wewe mzazi, msiba ukikupata, usinunue amani yako na mtoto aliyebaki. Utalala vizuri chini ya mabati mapya, ndiyo. Ni yeye atalala na huo msiba kitanda kimoja, na atauita mume wangu.

Na wewe dada, ukiona nyumbani kwenu kuna kifo ambacho watu waliacha kukiulizia haraka sana, usingoje stima ipotee ndio uambiwe. Uliza mchana. Uliza kabla hawajakupigia vigelegele.